Minyoo Wasio na Matimba

Baba alichuchumaa nyuma ya mtamba, akichokora kinyesi kwa kijiti. Mtamba huyo ndiye aliyebaki kukamilisha mahari ya kaka yangu, na alikonda kiasi cha wakwe kumkataa. Tulikuwa tumemnywesha dawa ya minyoo.

"Hakuna hata mnyoo mmoja! Mwongezeni chupa nyingine."

"Ikizidi itamdhuru, baba," nikasema, nikamwaga yote niliyosoma chuoni: seli za mnyoo zina virija vinavyojengwa kwa vipande vya protini, dawa hung'ang'ania vipande hivyo visiungane, mnyoo hushindwa kunyonya chakula, akafa njaa humo humo tumboni.

Baba akamgeukia kaka, mchimbaji wa dhahabu Bulyanhulu. "Anasemaje huyu?"

"Ni duara la mgodini lisilo na matimba, baba. Mbao zimekataa kushikana, shimo limewaangukia."

"Wote?"

"Wote, na hakuna wa kuwafukua!"

Tulicheka mpaka mtamba akaruka. Baba akaifunga chupa.

Wakwe walipokuja baadaye kumkagua, mtamba alinyofoa kofia ya majani kichwani mwa baba mkwe, akaitafuna.

"Huyu anakula!" mzee akapaza sauti, akipapasa upara wake, na mahari ikakamilika.