Karatasi Iliyofungia Mandazi

Mama yangu hukaanga mandazi Kayole, karibu na stendi, na miaka yote hiyo hajawahi kununua karatasi ya kufungia. Karatasi nilimletea mimi. Nilikuwa mfagiaji wa ofisi katika kiwanda kimoja Industrial Area, na siku ya kwanza meneja mwenyewe aliniambia: za kwenye ndoo chukua, zinatujazia tu. Basi kila jioni nilibeba furushi. Kila karatasi niliikata kona kwa makasi kuondoa pini, maana mteja akimeza pini, wa kulaumiwa ni mama. Kazi niliijua, na sioni haya kusema hivyo.

Kiwanda kile kilijisifu sana. Ubao wa langoni ulisema kimeacha kuchoma mafuta mazito, sasa kinachoma maganda ya kahawa, ili kupunguza hewa chafu inayoipasha dunia joto. Wageni walikuja na kofia ngumu wakapigwa picha. Sisi tuliendelea kuanua nguo zikiwa na masizi.

Asubuhi moja mwalimu wa jiografia, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, alinunua mandazi manne. Alikula mawili, kisha akaanza kusoma karatasi. Ilikuwa barua ya ofisini, nayo iliagiza wazi: maganda yachomwe siku za wageni tu, siku nyingine mafuta kama kawaida. Akaipiga picha na madoa yake yote, akaituma kwenye kikundi cha wapangaji. Kufikia saa saba mchana ilikuwa imefika hadi Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kiwanda kilisema karatasi ni ya kughushi na mwalimu atapelekwa kortini. Wengine nao wakaigeuza. Mwuza mbuzi mmoja, mteja wa mama wa kila siku, akasema, si mnaona, haya mambo ya tabianchi yote ni uongo wa kutafutia misaada. Nilimjibu nikiwa nimekasirika kwelikweli. Nikamwambia barua inasema kiwanda kinadanganya, haisemi kwamba mvua inanyesha kwa wakati wake. Wale mbuzi unaowalilia kila siku kwamba wamekwisha kwa ukame huko kaskazini, nao waliuawa na karatasi? Akachukua mandazi yake akaenda.

"Wewe nyamaza," mama aliniambia tukiosha sufuria. "Mwalimu amesoma, atajitetea. Wewe ukifukuzwa, nani atakuandika kazi na umri huo?"

Sikumlaumu. Wanangu wawili walisoma kwa ufagio ule. Lakini mwalimu alikuwa ameulizwa mara kadhaa karatasi aliipata wapi, na kila mara alikataa kusema. Alipajua vizuri sana. Alikuwa anatukinga, mimi na mama, na mimi nilikuwa nimekaa kimya nikiosha sufuria. Niliona aibu.

Jumamosi watu waliitwa ukumbi wa mtaa. Afisa wa kiwanda alikuja na wakili, akainua ile picha.

"Hii imetengenezwa na watu wa kompyuta," alisema. "Haijawahi kutoka ofisini kwetu."

Nikasimama. Kiondo changu kilikuwa kimejaa karatasi.

"Bwana, mimi ndiye ninayefagia ofisi yako. Hiyo niliitoa kwenye ndoo iliyo chini ya meza yako. Kona niliikata mimi. Hizi hapa nyingine za wiki hiyo hiyo, na kona zake zimekatwa vivyo hivyo."

Aliruka kutoka kitini. "Hizo ni mali ya kampuni! Wewe mama ni mwizi!"

Wakili alimvuta koti, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kisha mwuza mboga mmoja kule nyuma akauliza taratibu, "Sasa ya kughushi ameiibaje kwenu?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mimi sikucheka. Nilimwambia afisa kwamba sikuiba, niliruhusiwa, nikaketi.

Habari ya kumpeleka mwalimu kortini haikusikika tena. Nami, Jumatatu mlinzi wa langoni alininyooshea mkono nimpe kitambulisho cha kazi, macho yake chini. Nilimpa. Nilirudi Kayole kwa miguu, nina hasira, lakini najivunia, na hadi leo najivunia.

Mama alikuwa mbele ya karai. Sikujua ataniambia nini, kwa sababu nilikuwa nimefanya lile lile alilonikataza. Kulikuwa na foleni, na mwanamke mmoja mgeni alikuwa anauliza kama ni kweli karatasi ilitoka hapa, na ni nani huyo aliyesimama ukumbini.

Mama hakuniangalia. Aligeuza mandazi, akafuta mkono kwenye leso.

"Ni huyu," alisema. "Huyu nimemzaa mimi."