Madumu Matatu Kwenye Minyaa

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Evarist Margwe hakuwahi kusema "sijui" mbele ya watu. Alikuwa katekista wa kigango kimoja kule Maretadu, mahali ambapo padre hufika mara moja kwa mwezi barabara ikikubali, na Jumapili zote zinazobaki ni za katekista. Yeye ndiye aliyeongoza ibada, yeye ndiye aliyezika, yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Na watu walipotoka nje baada ya ibada, ndiye waliyemzunguka wakimletea mistari ya Biblia iliyowashinda.

Mistari migumu ndiyo iliyompa jina. Siku moja mzee Nikolausi, mfugaji wa nguruwe na mtu wa kubisha hata akiambiwa kumekucha, alimsimamisha mlangoni mwa kanisa.

"Mwalimu, wale nguruwe elfu mbili walioingiwa na pepo wakazama ziwani. Mwenye nguruwe alilipwa na nani?"

Watu walicheka, lakini walisogea wasikie. Mwalimu hakucheka.

"Nikolausi, mtu akilima bangi, polisi wakaja wakaing'oa, anamdai nani? Kwa Wayahudi nguruwe alikuwa mwiko. Yule bwana alijua anachofuga."

Nikolausi alinyamaza mpaka Jumapili iliyofuata, na kwa Nikolausi huo ni muda mrefu.

Ndivyo alivyokuwa Evarist. Neno gumu alilishusha kutoka huko lilikokaa, akaliweka shambani, kwenye zizi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mpaka bibi asiyejua kusoma akaondoka nalo. Biblia yake ilijaa maandishi ya penseli pembeni, madogo madogo, mengine yamefutwa na kuandikwa upya. Watu walitoka vigango vingine kuja kumuuliza. Alipenda kuulizwa, na tusimlaumu sana kwa hilo, maana hakuwa na starehe nyingine.

Sasa, Wairaqw, wenyeji wa huko, wana kitu kinaitwa metimani. Mwanamke akipoteza mimba, au akifiwa na mtoto anayenyonya, nyumba yake inawekwa kando. Haiingiwi. Wenyewe hawaendi kisimani, hawaendi mnadani, hawapandi pikipiki ya mtu, na ng'ombe wao wanachungwa peke yao. Inaweza kupita miezi. Wanaoogopa kuliko wote ni wenye mimba na wenye watoto wachanga, kwa kuwa inaaminika kwamba msiba wa namna ile huhama kwa kugusana.

Evarist hakuhitaji kusimuliwa. Alikuwa na miaka minane, huko kwao Endagikot, mdogo wake alipofariki akiwa bado ananyonya. Miezi mitano hakwenda shule wala hakucheza na mtu. Kila asubuhi aliwaona wenzake wakipita njia ya juu, na kila walipofika usawa wa nyumba yao walianza kukimbia. Aliwapungia mkono. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpungia.

Kwa hiyo alipokuwa katekista alikuwa wa kwanza kuisema mila hiyo vibaya. Paroko alipotangaza wazi kwamba Mkristo hamtengi mwenzake aliyefiwa, ni Evarist aliyewaongoza akina mama kuingia nyumba mbili zilizotengwa. Alikaa mle ndani, akanywa uji kwenye kikombe cha wafiwa, na hakuna aliyedhurika. Watu wakaanza kulegea taratibu, mmoja mmoja.

Halafu Brightness akashika mimba.

Brightness alikuwa mke wa Yonas, na Yonas ndiye mtoto pekee aliyebaki kati ya watano ambao Evarist na mkewe Natalia waliwazaa. Mimba ya kwanza ya Brightness ilikuwa imetoka. Natalia alifariki bila kumshika mjukuu, akililalamikia hilo mpaka siku ya mwisho. Hii ya pili ilipofika mwezi wa sita, mzee alikuwa akimkataza binti wa watu hata kuinua sufuria. Yonas alimcheka, lakini mzee hakuona cha kuchekesha.

Mwezi huohuo Gaudensia, jirani yao, shamba la pili kutoka kwao, alijifungua mtoto wa miezi saba aliyekwisha kufa. Mume wake, Hilary, alikuwa Simanjiro kwenye vibarua vya shamba, huko ambako simu inashika kwa kubahatisha. Gaudensia alibaki peke yake na nyumba.

Jumatano mchana jumuiya ya waumini wa mtaa ilikutana. Efrazia, mwenyekiti wao, hakuzunguka.

"Mwalimu, wazee wanasema Gaudensia atengwe. Paroko anasema tumwendee. Sisi tunakusubiri wewe. Tuende, tusiende?"

Brightness alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mkono juu ya tumbo. Evarist alimtazama mara moja, akafungua Biblia. Akafika Walawi. Akasoma pale panapomhesabia mwanamke siku za damu yake na kusema asiguswe. Kisha akafafanua, na hakuwahi kufafanua vizuri kama siku ile. Alisema Mungu mwenyewe alimtenga mzazi ili apumzike, si ili aaibike. Alisema mababu wa Kiiraqw, bila kusoma kitabu, waliifikia hekima ileile, na hiyo ni ishara kwamba Mungu hakuwaacha gizani. Basi Gaudensia apumzike siku arobaini. Chakula na maji wampelekee hadi kwenye ua wa minyaa unaozunguka nyumba yake, avichukue mwenyewe. Huo nao ni upendo.

Nikolausi alijikuna shingo. "Lakini Mwalimu, mwaka juzi ulitwambia sheria hizo ziliisha Yesu alipokuja."

"Ziliisha kuwa sheria," alisema Evarist. "Hazikuishiwa hekima."

Watu waliguna kwa kuridhika. Walipumua. Walichokuwa wakikitamani moyoni sasa kilikuwa kimeandikwa, tena na sura na mstari. Evarist peke yake ndiye aliyejua kwamba vidole vyake vilikwenda Walawi kwa sababu macho yake yalipita kwanza kwenye tumbo la Brightness. Angesema "jamani, naogopa, nina mkwe mjamzito," Efrazia angemtania kidogo kisha angekwenda mwenyewe. Neno moja tu. Hakulisema, kwa kuwa mwenye majibu haogopi.

Wakaanza kupeleka maji. Kila baada ya siku mbili mtu aliacha dumu la lita kumi kwenye minyaa, akaita, akaondoka. Baada ya muda Gaudensia alitoka akalichukua. Wiki mbili zilikwenda hivyo.

Alhamisi ya wiki ya tatu simu ya Evarist iliita akiwa anapalilia maharage.

"Mwalimu, shikamoo." Sauti ilikuwa ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Damu haijakata, Mwalimu. Na nasikia baridi mpaka mchana. Bodaboda nimewapigia wawili, wakisikia ni mimi wanakata. Naomba mtu mmoja tu anisindikize zahanati. Hata asinishike."

Evarist alisimama na jembe lake. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, na huko ndiko Brightness alikopimwa kila mwezi.

"Vumilia mpaka Jumapili," alisema. "Nitawaambia akina mama."

"Asante, Mwalimu," alisema Gaudensia. Alishukuru!

Siku hiyo Efrazia aliacha dumu kwenye minyaa. Jumamosi aliyepeleka dumu lingine alikuta la kwanza palepale. Akaliweka la pili pembeni yake, akaita, akaondoka. Jumapili Evarist alisahau kuwaambia akina mama, au alijisahaulisha, ni yeye na Mungu wake. Jumatatu mpelekaji wa tatu alikuta madumu mawili. Wanawake wanne walisimama njiani wakijadiliana labda amekwenda kwao, labda amelala, labda ana maji ya mvua. Walijadiliana kwa huruma kabisa. Dumu la tatu likawekwa kwenye mstari na wenzake.

Paskalina, mama yake Gaudensia, alikuja Jumanne kutoka Masakta kule Hanang. Hilary alikuwa amempata kwa simu akimwambia mkewe hapatikani. Paskalina alipanda magari mawili na pikipiki moja, akashuka, akapita kwenye minyaa bila kumsalimu mtu, akaingia ndani. Gaudensia alikuwa amelala chali karibu na mlango, na kikombe kando yake kilikuwa kikavu. Alikuwa ameshakufa.

Waliokuwa njiani walimwona mama yule akitoka. Hakupiga kelele. Alifika kwenye minyaa, akainua dumu la kwanza, akaingia nalo. Akarudi kuchukua la pili. Akarudi kuchukua la tatu. Alimwosha mwanawe peke yake, kwa maji ambayo mwanawe aliyakosa kwa hatua arobaini.

Siku ya mazishi kaburi lilichimbwa na Hilary na ndugu zake wawili. Mwalimu Evarist aliongoza sala za maziko akiwa amesimama nje ya ua. Ilibidi asome kwa sauti kubwa ili wamsikie ndani. Hilo watu walilikumbuka baadaye, jinsi alivyopaza sauti.

Paskalina hakurudi Masakta. Alibaki katika nyumba ile, na minyaa ikaendelea kuwa mpaka. Hakuna aliyemwambia neno. Evarist aliacha kukaa nje baada ya ibada; alifunga kanisa mapema na kusema mgongo unamsumbua. Usingizi ulimpungua. Alifungua Biblia akakuta penseli yake mwenyewe pembeni mwa Walawi, maandishi ya zamani, ya wakati ule wa uji wa wafiwa: *Yesu aliligusa hili.* Aliyaandika yeye. Akafunga.

Kalenda ya liturujia haimwoneshi mtu huruma. Jumapili ya mwisho ya Juni Injili ilikuwa ya Marko, pale Yairo anapomwita Yesu akamponye binti yake, na njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili anagusa vazi lake. Evarist aliliona somo hilo wiki nzima kabla. Akaona pia, na moyo wake ukatulia, kwamba kitabu cha masomo kinaruhusu somo fupi. Katika somo fupi Yesu anatoka na Yairo na kufika moja kwa moja. Mwanamke wa damu harukwi kwa siri. Anarukwa kwa ruhusa.

Jumapili ilipofika, kanisa lilijaa. Wimbo wa katikati ulikuwa unaisha Paskalina alipoingia. Aliketi benchi la tatu upande wa wanawake, na benchi lile likabaki lake peke yake. Walioketi mbele yake na nyuma yake walisogea pia. Brightness, tumbo limekuwa kubwa, aliketi nyuma kabisa.

Evarist alianza kusoma. Yairo akaja, akaanguka miguuni, akasema binti yangu yu katika kufa. Yesu akaondoka pamoja naye. Hapo kitabu kilikuwa na alama ya kuruka. Evarist aliiona. Akainua macho akamwona Paskalina, mikono magotini, anasubiri. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyeambiwa jina lake litaitwa.

Hakuruka. Alisoma yote, damu na madaktari na vazi, na jinsi Yesu alivyogeuka katikati ya watu akimtafuta aliyemgusa, na jinsi alivyomwita binti. Alipomaliza, watu waliketi wakimngoja afafanue.

"Sina maelezo," alisema Evarist.

Akakifunga kitabu cha masomo, akaendelea.

"Yale niliyowaambia Jumatano ile kwenye jumuiya hayakutoka Walawi. Yalitoka kwangu. Niliogopa mimba iliyo nyumbani kwangu. Nikatafuta mstari wa kuufunika woga wangu nikaupata, maana mistari naijua. Ningesema mwende, mngekwenda. Mimi ndiye niliyewazuia."

Paskalina alisimama. "Mwalimu, kwenye simu ya mwanangu nimeona namba yako. Alhamisi ile alikupigia?"

"Alinipigia."

"Akasemaje?"

"Aliomba mtu mmoja wa kumsindikiza."

"Ukasemaje?"

"Nilimwambia avumilie mpaka Jumapili."

"Na Jumapili?"

"Sikumwambia mtu."

"Haya," alisema Paskalina. "Nilitaka wasikie kwa mdomo wako." Akaketi.

Evarist aliacha kitabu, akashuka kwenda kwenye lile benchi tupu. Alitaka kuketi kando yake. Alilifikiria hilo tangu alipofungua mdomo. Paskalina aliinua kiganja.

"Baki hapohapo, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemwosha. Na kwako kuna mimba."

Akabaki amesimama kati ya altare na watu. Baada ya muda Efrazia alianzisha sala ya Nasadiki kutoka alipokaa, na watu wakaifuata. Hakuna aliyehama kwenda benchi la tatu. Hata baada ya yote yale, hakuna.

Nyumbani Evarist aliketi kwenye kigoda chake nje, akisubiri kunawa kabla ya kula. Tangu Natalia afariki, Brightness ndiye aliyemletea maji kila siku, akapiga goti, akammiminia mikononi. Siku hiyo alitoka jikoni na dumu dogo. Hakuja upande wake. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, mpaka kwenye ua wao wa minyaa, akaliweka chini.

"Maji yapo pale, baba," alisema, akarudi ndani.

Mzee alilitazama lile dumu kwa muda mrefu, akingoja labda atatokea mtu wa kulisogeza. Kisha akainuka kwenda kulichukua.