Jina Lililokatwa Kavimvira

Wakati wa vita, asubuhi timu yetu ya basketi ilipokuwa ikivuka kwenda kucheza fainali Bujumbura, nilikuwa kwenye barieri ya Kavimvira, mpakani mwa Kongo na Burundi, na mtoto wangu, nikimngoja dada. Mwanajeshi alisoma karatasi ya wachezaji, majina kumi. La nyota wetu halikuwemo. Katibu wa timu alisahau kuliandika. Alijitetea kwamba kila mtu anamjua nyota.

"Siongezi jina," mwanajeshi akasema. "Nikiongeza, ni miye watafunga gerezani."

"Basi murudi nyumbani," mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akawacheka. "Bila yeye mutapigwa. Yeye angeenda peke yake, angetosha!"

Ndipo mchezaji mmoja mfupi, ambaye kila mechi hukaa kwenye benchi, akagusa karatasi. "Komanda, kata langu, andika lake."

Mwanajeshi akakuna kichwa, akakata, akaandika. Bado kumi. Timu ikavuka. Mfupi akabaki nasi, akambembeleza mtoto wangu mpaka akalala begani kwake.

Kabla mpaka haujafungwa, wakarudi na kombe. Tukaimba jina la nyota.

"Si nilisema? Mumoja anatosha!" mama wa ndagala akapiga makofi.

Nyota akapita katikati yetu, akampa mfupi kombe kwenye mkono usio na mtoto. "Mama," akasema, "bila huyu, fainali ningeingojea hapa pamoja na weye."

Mama akamgeukia mfupi. "Na weye, mwanangu, jina yako nani?"

Msinicheke, wasomaji. Nami nilisogea nisikie jina hilo. Alikuwa amenishikia mtoto tangu asubuhi.