Muuguzi Aliyeacha Kuwaapia Wazee

Saa mbili kasorobo asubuhi, muuguzi anasimama nje ya chumba namba nne, kipimajoto mkononi. Ndani, mtu anakohoa. Mara moja. Kimya. Kisha mara mbili mfululizo. Mkono wake umeshafika kwenye kitasa, lakini haukizungushi.

"Kikohozi kimoja tu, nakwama mlangoni hivi," ananong'ona. "Zamani hata sikuwa nakisikia."

Wazee wa nyumba hii ya malezi humwita Mama Sindano. Ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na saba kati ya hiyo ameimalizia kwenye korido hii, akiwapa dawa, akiwabadilishia mashuka, akiamua ugomvi wa nani ashike redio.

Msimu wa baridi uliopita aliwachanja wote kumi na tisa dhidi ya homa ya mafua. Mwalimu mstaafu, bibi wa miaka themanini na mbili, aligoma. Mama Sindano alimbembeleza siku tatu.

"Nilimwapia. Bibi, ukichanja huumwi. Nilisema kwa mdomo wangu huu."

Mafua yaliingia wiki ya sita. Yalipotoka, wazee sita walikuwa wamezikwa. Mwalimu alikuwa wa pili.

"Nilikagua jokofu, nikakagua tarehe za chupa, nikajikagua mwenyewe. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi."

Jibu alilipata kwa daktari wa utafiti aliyekuja baadaye. Chanjo haikuwa mbovu, alimweleza. Miili ndiyo iliyochoka. Kinga ya mtu wa miaka themanini huitikia kwa uvivu, na dozi inayomtosha kijana huenda isimtoshe mzee. Sasa wanajaribu dozi yenye nguvu zaidi, kisha baada ya wiki nne wanapima damu kuona kama mwili umeitikia.

Kwa hiyo ikambidi Mama Sindano awarudie wazee walewale kuwaomba ridhaa.

Fundi viatu mstaafu wa chumba namba nne alimtazama juu ya miwani. "Mwaka jana ulituambia tuchanje tulale kwa amani," alisema. "Wenzangu sita wamelala kweli."



"Mzee wangu, mwaka huu sikuapii," alimjibu. "Wanasema hii inawasaidia wengi kuliko ile. Si wote. Wewe utaangukia upande gani, mimi mwanao sijui."

Mzee akakunja mkono wa shati. "Hapo nimekuelewa. Mtu akiniapia ndiyo namwogopa."

Majibu ya damu yalikuja juzi. Kati ya wazee kumi na watatu waliobaki, tisa miili yao imeitikia vizuri. Wanne, kidogo mno. Fundi viatu yumo kati ya hao wanne.

"Nilimwambia jana. Akaniuliza, yaani damu yangu ni vivu? Nikasema ndiyo. Akasema hata marehemu mke wake alikuwa akimwambia hivyo."

Daktari ameahidi kuwapa hao wanne dozi nyingine wiki ijayo. Lakini wiki ijayo ni mbali, na mtu anakohoa leo.

Anafungua mlango. Mzee amekaa kitandani, chai imemlowanisha kifua kizima.

"Imenipalia," anasema. "Mbona umekauka hivyo, nani kafa?"

Kipimajoto kinasoma thelathini na sita na nusu. Anapima tena. Ileile. Anaandika kwenye daftari, kisha anaketi ukingoni mwa kitanda.

Baadaye, akinawa mikono, anazungumza kwa sauti ya chini. Mama yake mzazi ana miaka sabini na sita. Tangu yale ya mwaka jana hajathubutu kumchanja.

"Niliogopa kumwambia mtu yeyote maneno yale tena. Jumamosi nampeleka akachanjwe. Akiniuliza kama hataugua, nitamwambia, mama, sijui. Halafu nitamshika mkono, twende."