Nyumba ya Bi Zaina Penye Maji Moto

Nikifumba macho hivi, mwanangu, mvuke ule unanirudia. Ilikuwa enzi za Mjerumani, nami mke kijana, sina hata mtoto. Nilishuka kutoka Matombo na mume wangu Mkude mpaka tambarare za Kisaki, kwenye chemchemi ya maji moto. Wakati ule mdomo wangu haukuwa na kufuli, usicheke.

Mkude na mdogo wake Salumu walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu. Akarudi Mkude peke yake, miguu imevimba, mabega yamechunika, na neno hatoi. Mama mkwe hakujua amlilie Salumu au amngojee. Kila jioni alimwekea chakula, akakifunika. Nami kila kukicha nambana mume wangu: Salumu yuko wapi? Umemwacha wapi? Yeye anatazama ukuta tu. Watu wakasema, mpeleke kwa Bi Zaina, maji ya kule hulegeza mwili.

Nyumba yake ilikuwa ndefu, ya nyasi, imetandikwa mikeka, na mvuke unaingia mpaka ndani, hujui umeamka au bado unaota. Mgeni alifika na mkungu wa ndizi, ndiyo malipo. Alioga kwanza maji baridi ya kijito, kisha akaingia kwenye maji moto, wanawake kwao na wanaume kwao, katikati ua wa matete. Maji yalinuka yai viza, lakini ukikaa kidogo unaisahau pua yako.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni."

Basi. Hakuuliza tunatoka wapi, hakuuliza habari za nyumbani. Nikaona huyu bibi ana kiburi! Sisi kule mlimani tukikutana njiani tunaulizana mpaka habari za mbuzi. Nikaanza mwenyewe: "Bibi, huyu mume wangu hataki kusema mdogo wake..."

"Binti, nyamaza." Wala hakupaza sauti. "Hapa kwangu aliyetoka njiani haulizwi kitu mpaka maji yamtoshe. Wewe umekuwa ukimwuliza?"

"Kila siku, bibi."

"Amekujibu?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi mpumzishe. Huko alikotoka, kila aliyemsemesha alikuwa anamwamuru."

Iliniuma, nisikufiche. Lakini nikatii. Siku zikapita, sijui ngapi, pale siku zilikuwa zinaingiliana. Tunaoga, tunakula, tunasinzia, na milima yetu inaonekana mbali juu ya mvuke, kama haijagusa ardhi. Mkude akaanza kulala bila kushtuka. Mimi maswali nimeyameza.

Asubuhi moja nimezama majini mpaka shingoni, nikasikia sauti ya Mkude ikiniita kutoka upande wa pili wa matete.

"Mwajuma, upo?"

"Nipo."

Nilitamani kuruka ule ua. Nikatulia.

"Salumu alishikwa na homa njiani," akasema. "Hatukuruhusiwa kusimama. Alipokata roho nilitoroka msafara nikamzika, kwenye kivuko cha mto, chini ya mkwaju. Sanda sikuwa nayo. Nikamfunga shuka yangu." Nikamsikia akijimwagia maji. "Nitamwambiaje mama?"

Nililia mle mle majini, naye akilia kwake, na ua ukiwa katikati yetu.

Tuliporudi Matombo, mama mkwe alitutokea mlangoni, mdomo umeshafunguka kuuliza. Nikamshika mkono. "Mama, kwanza tumpe maji." Akanitazama sana, kisha akaenda kuyachota mwenyewe. Mkude akanawa, akakaa mkekani, akamweleza yote bila kuulizwa. Jioni ile mama hakufunika chakula cha mtu. Tukaweka matanga, na Salumu akaliliwa kama mtoto wa watu.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu wako akirudi kutoka pagumu, usimpokee kwa maswali, hata kama roho inawaka. Mpe maji, mtandikie, kaa karibu naye ufanye kazi zako. Akiwa tayari atakutafuta kwa sauti yake.

Mungu akupe nyumba ambayo waliochoka wataitamani wakiwa mbali. Na siku mmoja wao akiuliza kama upo, akujalie utulivu wa kujibu tu: nipo.