Mjomba na Askari wa Jangwani

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja huku ughaibuni, pale Arlington, nilipomnyamazisha mjomba wangu mbele za watu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka Mombasa juzijuzi, nafanya kazi ya kutunza wazee, na kila kitu nakionea haya.

Mjomba ndiye aliyenipokea. Alikuwa amefiwa na mkewe, mchana kutwa hana wa kuzungumza naye. Alikuwa na kanda moja ya video, sinema ya zamani ya Kiingereza ya kuchekesha: askari wamepotea jangwani, makapteni wanaanguka kutoka juu ya ngamia, suruali zinawavuka wakipiga saluti. Upuuzi mtupu, sikufichi. Mjomba alicheka kabla kichekesho hakijafika, kisha akanigeukia aone kama na mimi nacheka. Nilikuwa nacheka.

Siku hiyo nilikuja na wenzangu watatu wa kazini. Mjomba alifurahi, wallahi! Akaweka kanda, akajifunga taulo kichwani, akatia fagio begani, akaanza kupiga gwaride kuzunguka kochi. Wenzangu wakatazamana. Nikawaka.

"Mjomba, hapa si Mombasa! Kaa chini, unaniaibisha."

Akavua taulo, akalikunja vizuri, akazima televisheni. "Samahanini, wanangu," akasema.

Nilitaka kumwomba radhi. Nikasema kesho; kesho nina shifti, siku zikapita. Wiki ya tatu nikaiweka kanda mwenyewe, nikamwita.

"Tazama wewe, mwanangu," akanijibu kwa upole. "Mimi nimeshaiona."

Alipohamia mji wa Katy kwa mwanawe, niliendesha gari mwendo wa saa nne kwenda kumwona. Alinikaribisha vizuri mno: chai, sambusa, habari za kazi. Hakunitania hata neno moja. Nilikuwa mgeni. Nililia njia nzima ya kurudi. Sasa ameshafariki, na mimi nakaa peke yangu hapa Lewisville, nyumba kimya mpaka nachoka nayo.

Basi nisikilize. Mtu mzima anayejifanya mpuuzi mbele yako anakupenda, na pengine hana mwingine wa kumchekesha. Wenzako wakinuna, waache wanune. Wale watatu wangu leo hata majina yao siyakumbuki. Na ukishamuumiza mtu, omba radhi siku hiyohiyo, hata kama sauti inakutetemeka. Usingoje mpaka azoee kukuheshimu kama mgeni.

Mola akujaalie nyumba yenye kelele, mwanangu, na moyo wa kuzistahimili.