Nilivyomsifu Ami Mbele ya Hakimu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu watu wa Kismayo wanaisimulia vibaya, wanaongeza hata mambo ambayo sikuyasema, na niliyoyasema yanatosha.

Nilirudi kutoka Mombasa na stashahada ya utawala (nilijilipia kwa kuuza mitumba, hakuna aliyenishika mkono), kwa hiyo ofisi ya serikali ilipomnyima Ami Shee, ndugu wa baba yangu, posho ya walemavu, eti karani alimkuta kisiwani kwetu Chula ameketi anashona nyavu na mwenye kushona nyavu si mlemavu, mimi ndiye niliyeandika rufaa, na mimi ndiye niliyesema wakili wa nini. Ami alikuwa akizamia baharini kuvua kamba; siku moja akapanda juu upesi kutoka kilindini, miguu ikafa ganzi, na mpaka leo haijaamka.

Siku ya kesi tulimkalisha mbele ya hakimu, cheti cha daktari kiko mfukoni mwa koti langu. Ningekisoma tu, basi. Lakini niliona kuanza na ugonjwa ni kumshusha mzee mbele ya wageni, nikaanza kama tunavyoanza kwetu tukienda kuposa, kwa sifa za mtu: ukoo wake, mikono yake, pumzi yake, na kwamba visiwa vyote, Koyama hadi Chula, hajatokea mzamiaji wa kumfikia (Kisomali changu siku hiyo kilikuwa kitamu, lazima niseme).

Hakimu akavua miwani. "Anazamia mpaka sasa?"

Nikamtazama Ami, kifua kakiinua kwa zile sifa. Nani angekishusha?

"Akitaka, Mheshimiwa, hata leo."

Watu wakacheka. Wakili wa ofisi akasema hana la kuongeza. Hakimu akamgeukia Ami mwenyewe, nami nikamkonyeza aniokoe, naye akajibu kwa sauti nzito, "Ni kama alivyosema mwanangu."

Ndipo mkewe, Bi Mwanaesha, akasimama bila kuitwa. "Azamie wapi? Mimi humbeba mgongoni mpaka chooni, nikamsafisha, nikamrudisha. Miaka yote hii hata jirani hajui. Haya, sasa mmejua nyote!"

Hakuna aliyecheka tena. Hakimu akaomba cheti, nikakitoa kimelowa jasho, akakisoma, akaamuru Ami apewe posho yake.

Nje nikasema, "Ami, tumeshinda!"

"Umeshinda wewe, mchu wa vyeti, mtu wa makaratasi," akanijibu. "Mimi nimevuliwa nguo."

 Bi Mwanaesha aliinama tu, akampa mgongo, akambeba mbele ya watu wote, kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuficha.

Posho inakuja. Mimi nimeapa kwamba nikisimama tena mahakamani nitasoma karatasi niliyopewa, kisha nikae. Ila Ami akiwa na barua ya kuandikiwa siku hizi humpelekea mtu mwingine, asiye na stashahada.